Waya wa Kuanikia Nguo

Jericho, Nairobi
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwako Bwana Muthama,

Barua hii nimemkabidhi dada yako Muthoki mkononi, pale Soko la Burma anapouza supu na matumbo. Alikataa kuniambia uko wapi. Alisema hana hata namba yako ya simu, kwamba wewe ndiwe humtafuta unapotaka. Nimemwambia sitaki kujua uliko. Nataka tu usome.

Mimi ni Mama Winny wa nyumba namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la Mzee Mugo. Ulikuwa keateka wetu, mtunza jengo, miaka minne. Nikitoka sokoni na gunia la vitambaa vya sare, wewe ndiwe ulikuwa unanibebea hadi mlangoni. Kwa hivyo sidhani umenisahau.

Unajua kilichompata mtoto wangu juu ya paa Jumamosi ile, tarehe ishirini na nne Septemba 2022. Alipanda kuanika sare yake ya shule, akashika waya wa kuanikia nguo, na waya ule ulikuwa na stima, umeme ukamshika. Nilisikia beseni likianguka kabla sijasikia watu. Niliporudi kutoka hospitalini siku ya tatu, paa lilikuwa limefagiliwa. Waya wa stima haukuwepo, waya wa nguo haukuwepo, hata vile vyumba vya mabati alivyokuwa anajenga Mzee Mugo huko juu vilikuwa vimeng'olewa. Na wewe hukuwepo.

Mzee Mugo aliandikisha kwa polisi kwamba Winny alikuwa akichokora nyaya za barabarani kwa fimbo ya chuma. Mtoto aliyekuwa na beseni la nguo mbichi. Wakili wangu wa kwanza alikaa na faili mwaka mmoja na nusu, kisha akanirudishia akisema hakuna shahidi. Sasa nimempata mwingine, Bwana Roble, na yeye amenieleza kitu ambacho yule wa kwanza hakuwahi kunitajia. Sheria inanipa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Tarehe ishirini na nne Septemba mwaka huu ikipita kabla sijashtaki, basi imepita. Na nikienda kortini mikono mitupu, Mzee Mugo atasema fimbo ya chuma, na hakimu ataandika fimbo ya chuma.

Wapangaji wanasema ulilipwa unyamaze. Kama ulilipwa, ulishakula, sina la kufanya. Lakini kila msumari kwenye jengo lile ulipigwa na wewe. Niambie stima ilifikaje kwenye ule waya. Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Truphena Anyango


25 Juni

Mama Winny,

Barua yako ilikaa kwa Muthoki wiki mbili kabla sijampigia kwa simu ya mtu. Usikasirike kwa kuchelewa.

Sikulipwa. Nilipewa nauli tu, nikaambiwa niondoke.

Mama, mimi sijui kuandika maneno ya pole. Kila mwezi ikifika tarehe ishirini na nne sili kitu hadi jua litue, namwombea marehemu Winny. Sikuja kwenye mazishi kwa sababu nilijua ungeniuliza mbele ya jeneza, na ningekujibu nini? Hadi leo sijui mlimlaza wapi, kama ni nyumbani kwenu au hapo Nairobi. Alikuwa mtoto wa adabu. Alikuwa ananiita anko, na wengine pale waliniita "we keateka."

Usinitafute tena. Nina watoto wawili na mke ambaye hajui nilichokimbia. Mtu akifa kwa stima, polisi hawamshiki mwenye ploti, mwenye jengo lake. Wanamshika aliyekuwa na koleo mkononi. Mzee Mugo aliniambia hivyo jioni ileile, na katika hilo sidhani alidanganya.

Mungu akupe nguvu.

Muthama


Jericho
Jumapili, 29 Juni 2025

Muthama,

Winny hajafa.

Nimeandika hilo la kwanza ulisome kabla hujakaa chini. Leo asubuhi amepika uji, akalalamika kwamba nimemaliza sukari. Ana miaka kumi na minane.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama hapo kwa Muthoki, na dada yako akaniletea kiti. Yeye pia aliamini mtoto alikufa. Aliposikia yuko hai alivua aproni akakaa kando yangu, na wateja wakangoja.

Nani alikwambia amekufa? Ni Mzee Mugo? Basi aliniambia mimi umetoroka kwa sababu una hatia, akakwambia wewe mtoto amekufa, na sote wawili tukamwamini.

Sitakuficha hali yake. Mkono wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko, wiki ya saba, baada ya madaktari kujaribu kuuokoa. Wa kushoto uko, ila vidole viwili havikunji. Alirudi shule muhula mmoja akaacha, kwa sababu wasichana walikuwa wanamsaidia sana, hivyo ndivyo alivyosema. Anavaa jaketi hata kukiwa na joto. Mimi naanika nguo ndani ya nyumba, juu ya cherehani, na hatuongei kwa nini.

Umekuwa ukimfungia saumu mtu aliye hai. Sasa nisaidie aliye hai. Zimebaki wiki kumi na mbili.

Truphena


Jericho
13 Julai 2025

Anko Muthama,

Ni mimi Winny. Pole kwa mwandiko, ni wa kushoto, na bado unaenda vile unataka.

Mum hajui naandika. Barua yako nimeipata chini ya vitambaa nikitafuta mkasi. Mara ya kwanza kusoma kwamba mimi ni marehemu nilicheka, kusema ukweli. Halafu sikucheka tena. Kuna siku nyingi nilitamani iwe hivyo na sijawahi kumwambia mtu, nakuambia wewe kwa sababu uko mbali.

Sitaki kukuuliza mambo ya korti. Hiyo ni ya Mum na wakili. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu.

Nilikuwa na fimbo?

Sikumbuki kitu. Nakumbuka nikitoka kwa mlango na beseni, halafu nakumbuka dari ya hospitali. Hapo katikati hakuna. Na kwa ploti wamesema fimbo, fimbo, miaka karibu mitatu. Watoto wadogo wanaambiwa wasiende juu wasije wakawa kama Winny wa fimbo. Sasa nikifunga macho naiona, hata najua ina kutu. Sijui kama naikumbuka ama nimeambiwa sana.

Kama nilikuwa nayo niambie tu. Nitamwambia Mum aache kesi, apumzike.

Winny


3 Agosti 2025

Winny mwanangu, na Mama Winny,

Hukuwa na fimbo. Hakukuwa na fimbo yoyote juu ya paa. Ulikuwa na beseni la samawati na vibanio vya nguo mdomoni. Soma hapo mara nyingi unavyotaka. Nimechukua wiki mbili kuandika yanayofuata, na nimechana karatasi tano.

Mzee Mugo alitaka vile vyumba vya mabati viwe na stima kabla mwezi haujaisha, apangishe. Hakutaka stima ya kupitia kwenye mita. Akaniagiza nitoe waya chini, kabla ya mita, niupandishe. Nilimwambia mimi si fundi wa stima wa cheti. Akasema kama siwezi kuna vijana wengi Mukuru kwa Reuben wanaotafuta kazi yangu. Nikafanya. Nilichimba ukuta wa ngazi za nyuma kutoka chini hadi juu, nikalaza waya humo, nikapiga plasta na rangi. Ukiupita hujui.

Juu ya paa hakukuwa na nguzo ya kuushikia, kwa hivyo niliufunga sambamba na waya wenu wa kuanikia nguo. Palikuwa na kiungo kimoja katikati. Tepu ya stima ilikuwa imeisha. Nilimwonyesha Mzee kiungo kikiwa wazi, na akaniambia, "Funga na nailoni, tepu nitaleta Jumatatu." Nilifunga na karatasi ya nailoni ya kubebea mkate. Hiyo ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilipowasha nilikuwa chini kwenye sanduku la mita, na hapo ndipo niliposikia.

Jioni Mzee alikuja chumbani kwangu. Akasema msichana amefia njiani, polisi wanakuja, na jina watakalotaja ni langu. Nilikata waya wa juu nikaondoka.

Sasa, Mama Winny, hili lisome leo hii, usingoje kesho. Nilikata wa juu peke yake. Wa ndani ya ukuta sikuukata, kwa sababu Mzee alikuwa amefunga sanduku la mita akaweka ufunguo mfukoni. Kama hakumwita fundi mwingine, waya ule bado una stima, haupiti kwenye fyuzi wala mita, na boliti za reli ya ngazi za nyuma zimepigwa kwenye ukuta huohuo. Kila mtoto anayeshuka pale anashika hiyo reli. Kwa miaka yote hii nilijiambia lazima waliuondoa. Sina hakika. Nilikuwa na njia ya kuuliza na sikuuliza.

Muthama


Jericho
Jumapili, 10 Agosti 2025

Muthama,

Barua yako niliipata Jumatano mchana. Saa kumi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyuma, nimewazuia watoto wanaotoka shule wapande za mbele. Walidhani nimerukwa na akili. Kui wa ghorofa ya pili, unamkumbuka, aliniuliza ni nini. Nilimsomea kipande kile cha ukuta. Akasema, "Hiyo reli huuma. Mvua ikinyesha, huuma mkono. Tulifikiri ni baridi ya chuma." Wanawake wengine watatu wakasema hivyohivyo. Miaka hii yote wanaumwa na ile reli na kila mtu alifikiri ni yeye tu.

Tulimwita Mbugua, fundi wa stima mwenye cheti pale sokoni. Mzee Mugo alipigiwa simu na keateka mpya, akaja na gari akasimama mlangoni akisema hakuna atakayevunja ukuta wake. Wanawake kumi na mmoja wakakaa kwenye ngazi. Hawakumtukana. Walikaa tu. Wakili Roble akafika, akamwambia Mzee kwamba kama ukuta hauna kitu, utapigwa plasta upya na mimi nitaomba msamaha mbele ya wapangaji wote. Mzee akaingia garini akaondoka.

Mbugua alipiga patasi mara nne. Waya ulikuwa pale, mweusi, kama ulivyosema. Akaweka kipimo chake na taa ikawaka. Ulikuwa na stima, Muthama. Karibu miaka mitatu watoto wanashuka pale. Kampuni ya stima walikuja siku iliyofuata wakaukata chini, wakaandika ripoti. Kui alikuwa amepiga picha za kila kitu.

Winny alisoma ukurasa wa kwanza wa barua yako peke yake, amefunga mlango wa chumba. Akatoka. Alivua jaketi akaosha vyombo.

Sasa Bwana Roble anasema waya tumeupata, lakini Mzee Mugo atasema hakujua, kwamba keateka alikuwa mwizi wa stima akafanya mwenyewe. Ni wewe tu uliyesikia maneno yake. Barua haitoshi, mtu anaweza kuikana. Anataka uje ule kiapo mbele yake, utie sahihi, halafu usimame kortini siku ikifika.

Njoo. Nimeuliza kuhusu usalama wako. Hakuna atakayekugusa.

Truphena


24 Agosti 2025

Mama Winny,

Nimemwambia mke wangu. Aliongea nami siku nzima, kisha hajaongea nami siku tatu. Jana alinifulia shati jeupe bila kusema ni la nini.

Unasema hakuna atakayenigusa. Nitashika neno lako kwa sababu sina lingine la kushika.

Nitakuja kabla ya tarehe ishirini Septemba. Nitafikia kwa Muthoki. Tafadhali Winny asiwepo siku hiyo. Siwezi kuongea akiwa ananiangalia.

Muthama


Jericho
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kwa Muthama, kwenye gereza la rumande,

Muthoki anasema barua zinafunguliwa na askari kabla ya kukufikia. Wacha wasome.

Ulikuja Jumanne, tarehe kumi na sita. Ulikonda hata sikukutambua hadi uliposema jina langu. Ulikaa kwa Bwana Roble masaa matatu, ukasoma kila ukurasa, ukatia sahihi. Kesi ilisajiliwa Ijumaa, siku tano kabla ya mwisho. Na Jumatatu asubuhi, ukitoka ofisini kwake kurekebisha tarehe moja iliyokosewa, polisi wawili walikuwa wanakungoja kwenye ngazi. Nilikuwa nyuma yako. Uligeuka ukaniangalia.

Mzee Mugo ndiye aliyepeleka jina lako. Ameandika kwamba uliiba stima peke yako na kuuza kwa majirani, na kwamba wewe ndiwe uliyemwumiza Winny. Kwa hivyo wewe umeshtakiwa, na yeye leo asubuhi alikuwa kanisani kiti cha mbele.

Lakini sikuandika kukueleza habari ya Mzee Mugo.

Nilikuandikia kwamba nimeuliza kuhusu usalama wako. Kweli niliuliza. Nilimuuliza Bwana Roble tarehe nane Agosti, kabla sijakuandikia. Alinijibu wazi: "Mama, mtu huyu akikubali kwenye kiapo kwamba aliunga waya, anaweza kukamatwa. Lazima umwambie. Nami nitamwambia aje na wakili wake." Nikasema ndiyo. Kisha nikakaa na kalamu nikaandika hakuna atakayekugusa. Na ulipofika, nikamwambia Bwana Roble nimekueleza yote, na kwamba umeamua hutaki wakili wako mwenyewe. Akakuuliza, "Mama amekueleza?" Ukasema ndiyo. Ulidhani anauliza kama nimekueleza habari ya kiapo.

Nilijua, Muthama. Nilihesabu siku zilizobaki nikaona ukiogopa hutakuja, na mtoto wangu atabaki Winny wa fimbo. Nikakuchagulia. Mzee Mugo alitudanganya ukaondoka, mimi nikakudanganya ukarudi.

Mke wako alikuja kwangu Alhamisi. Hakunipigia kelele. Aliomba maji, akanywa, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akasema, "Mimi nina wawili." Akaenda.

Sikuombi msamaha, kwa sababu hata leo sijui kama ningefanya tofauti. Nimeona tu ni heri usikie kutoka kwangu.

Truphena Anyango


Rumande
26 Oktoba 2025

Mama Winny,

Nilisoma barua yako nikairarua. Kisha mwenzangu wa kitanda cha chini akaokota vipande akaniunganishia, akasema mtu akipata barua humu hairarui.

Nimekasirika. Sitakuambia sijakasirika. Watoto wangu wameacha kwenda shule wiki mbili kwa sababu wanaulizwa na wenzao. Ungeniambia ukweli, pengine nisingekuja, hilo ni kweli pia. Nimelala na hayo mawili na sijapata la kuyapatanisha.

Lakini kuna jambo nililoacha. Kwenye barua na kwenye kiapo niliandika kwamba nilikuwa chini kwenye mita, nikasikia kelele. Si uwongo wote. Nilikuwa chini niliposikia. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshawasha. Niliwasha, nikapanda juu kuangalia kama taa za vyumba zinawaka, zikawaka, nikaanza kushuka. Kwenye ghorofa ya nne nilikutana na Winny akipanda na beseni.

Nilijuaje vibanio vilikuwa mdomoni mwake? Hukujiuliza. Na mimi nilingoja uulize.

Alivitoa mdomoni akanisalimia. Akaniuliza, "Anko, huko juu kuna nafasi?" Nilijua waya una stima. Nilijua kiungo kina nailoni. Nilikuwa nimechoka, Mzee alikuwa ananiita chini, na nikajiambia nailoni itashika hadi Jumatatu, hawezi kushika pale katikati hasa. Nikamjibu, "Kuna nafasi, mama." Nikampisha kwenye ngazi apite na beseni lake.

Maneno hayo ndiyo yaliyonikimbiza, si polisi.

Mpe wakili wako barua hii. Wakili niliyepewa humu ananisihi nisiandike, anasema itanifunga miaka. Lakini inaonyesha pia nani alikuwa ananiita chini, na kwamba alikuwa ameketi mlangoni mwa jengo, na taa zilipowaka alipiga makofi. Mama mmoja wa mboga hapo mlangoni alimwona. Anaitwa Tabitha, anauza sukuma hadi leo.

Ukitaka kumsomea Winny, msomee. Ukitaka kuichoma, sitauliza.

Muthama


Jericho
Jumapili, 23 Novemba 2025

Muthama,

Nilikaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilitaka uozee humo. Nakuambia ili ujue. Ungemwambia mtoto maneno mawili tu, shuka chini. Nilishona siku nzima nikiharibu kila kola.

Siku ya nne nilimpa Winny. Alisoma mezani mbele yangu. Alipofika mwisho akasema, "Sasa nakumbuka alinipisha." Nikamuuliza kama anakumbuka kweli ama ameambiwa. Akasema anakumbuka harufu ya rangi mbichi kwenye ukuta, na hilo hukuliandika popote.

Yeye ndiye aliyesema ipelekwe kwa wakili. Mimi ningeichoma, sijui kwa ajili yako au dhidi yako. Bwana Roble aliisoma mara mbili, akaniuliza tena mimi nilikuambia nini mwezi wa nane, na safari hii nilimjibu ukweli. Kisha akaandika barua kwa wakili wako kueleza kosa langu, na nimetia sahihi. Anasema inaweza kukusaidia kidogo, kwa kuwa ulikuja bila kuonywa.

Tabitha alikubali kuandikisha. Alhamisi iliyopita Mzee Mugo alikamatwa, na Ijumaa akasomewa mashtaka. Jina lake limeandikwa la kwanza na lako chini yake, karatasi moja. Alitoka kwa dhamana kabla ya chakula cha mchana. Kesi yetu ya fidia itasikizwa Machi, na Bwana Roble ananionya inaweza kwenda miaka. Wapangaji sita wamehama. Waliobaki wameandika barua kwa kaunti kuomba jengo lote likaguliwe, na hadi leo hakuna aliyekuja.

Watoto wako wamerudi shule. Nilimshonea kila mmoja sweta. Mke wako alizipokea, sikukaribishwa ndani, na sikutarajia.

Winny anakuja kukuona Jumamosi. Nilimwambia nitamsindikiza, akakataa. Amepiga pasi rinda la mikono mifupi kwa mkono wa kushoto, imemchukua nusu saa na hakutaka nimshikie. Nilimuuliza atakwambia nini akikuona. Akasema hajui bado, na kwamba akijua, utakuwa wewe wa kwanza kusikia.

Truphena